Mgonga Nguzo

Kwa miaka ishirini na miwili Sornavalli alitembeza wageni katika kasri la kale la mji wa Madurai, kusini mwa India, na kazi hiyo ilimfundisha kutazama mikono ya mtu kabla ya uso. Waliwahi kuja watu na visu vya kuchonga majina ya wachumba wao ukutani. Mmoja alibandua ua la chokaa akalitia mkobani. Sornavalli alipandisha sari akamkimbiza mpaka kwa wauza asmini, na ua lilirudi.

Basi yule mzee wa shuka chakavu hakumpita hata siku ya kwanza. Hakutazama juu kama wengine. Alisimama kwenye nguzo, akatega sikio, akaigonga kwa vidole: ko, ko. Akahamia nyingine. Siku ya tatu alikuja na kamba ya kupimia.

Huyu anatafuta dhahabu, Sornavalli akawaza. Akamwendea.

"Kaka, umepoteza nini humo ndani?"

"Sijapoteza. Nasikiliza."

"Inakuimbia?"

"Inalalamika. Usisimamishe watu hapa, dada. Chokaa imeachana na tofali."

"Kumbe daktari wa nguzo!"

"Irulappan, fundi chokaa. Babu yangu aliipaka upya hii kwa chokaa iliyochanganywa na ute wa mayai."

"Juzi mwingine aliniambia babu yake ndiye mfalme mwenyewe."

Akawaita walinzi. Mzee akatolewa nje bila kubisha, na huko kutobisha kukazidi kumtia Sornavalli wasiwasi. Mtu safi angepiga kelele.

Hata hivyo, tangu siku ile alijikuta akipitisha wageni upande wa pili, huku akijilaumu kwa kusikiliza maneno ya mwizi.

Siku ya tisa, Sornavalli akiwa na wanafunzi arobaini, pande la chokaa kubwa kama gurudumu la mkokoteni liliporomoka kutoka kwenye nguzo ile. Liliangukia sakafu tupu. Watoto wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Sornavalli akakaa chini palepale.

Alasiri hiyo akaulizia mpaka akafika nyumbani kwa Irulappan. Mzee alifungua mlango nusu.

"Umeleta polisi?"

"Nimekuja peke yangu. Msimamizi wa kasri anakuomba uje uitazame nguzo ile."

"Juzi mwizi, leo naombwa?" Akachungulia barabara kushoto na kulia. "Kaa hapo kizingitini. Nikimaliza kahawa yangu nitafikiria."

Akainywa polepole sana. Kisha akachukua mwiko wake wa kupakia chokaa.

Alifanya kazi wiki tatu. Kila siku Sornavalli, wageni wakipungua, alikuja kusimama chini ya ngazi, mikono kifuani, macho juu.

"Bado hujaniamini, dada?"

"Mikono yako naiona vizuri. Mifuko ndiyo siioni."

Irulappan akacheka hadi ngazi ikatikisika. Sornavalli akaishika kwa mikono miwili mzee asianguke, na hakuiachia mpaka mzee aliposhuka.