Siku Boti Yetu Ilipopanda Mlima

Nimekubali kuchekwa, kwa sababu hata nikikataa mtanicheka tu, na humu Kalemie sidhani kama kuna muuza samaki ambaye hajasikia kwamba boti yetu Baraka ilipita sokoni juu ya pikipiki, ila wengi wanaisimulia vibaya, kwa hiyo afadhali mwenye aibu aisimulie mwenyewe.

Kazi yangu bandarini ni kuhesabu mizigo inayoingia botini na inayotoka. Shule niliiacha darasa la tano la msingi, mwaka tulipowazika wazazi, maana mkubwa nilikuwa mimi na nyuma yangu walikuwa wanne (Sifa, wa mwisho, alikuwa bado anabebwa mgongoni). Tangu wakati ule kila kitu cha maana cha nyumba yetu nakifunga katika pindo la kitenge changu: ufunguo, karatasi za shule za wadogo, kitambulisho. Kiuno changu njo kabati yetu, na mkasa wote ulitoka humo.

Papa Ramazani, mwenye boti, alileta tablete ya kuandikia mizigo, pamoja na kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, cha kukaa chumbani mwa kapiteni na kuongea na satelaiti. Wenye mizigo wangeiona boti iko wapi ziwani badala ya kutupigia simu kutwa, na malori ya Moba yangejua saa ya kuja gatini, unga usikae ukinyeshewa. Akaniambia, "Mapendo, diplome hauna, lakini mikono yako naijua. Safari ya kwanza ikienda vizuri, mashine zote njo zako. Ikiharibika, nitamuita yule bwana wa Lubumbashi mwenye diplome."

Miaka tisa nilikuwa kibarua wa siku. Usiku huo Sifa, ambaye sasa anamaliza sekondari, alinifundisha tablete mpaka vidole vikauma.

Asubuhi tukapakia. Tablete ikakataa kunifungulia ukurasa wa mizigo mpaka nitie alama palipoandikwa kwamba kisanduku kimewekwa ndani ya boti. Kisanduku kilikuwa kiunoni, kimefungwa katika sashe ya plastiki. Nikawaza, mabaharia hawa mikono yao mirefu, nitampa kapiteni mkononi mwake dakika ya mwisho, na nikatia alama (moja tu, jamani, kidole kimoja!). Halafu Mama Chausiku akasema mifuko yake ya unga ni sitini, mimi nahesabu hamsini na tisa, tukahesabu tena, na tena, mpaka honi ikalia, ndipo tukauona ule wa sitini: alikuwa ameukalia. Tukaurusha ndani, nikaruka gatini, nikaipungia Baraka kwa mikono yote miwili.

Saa tatu Papa Ramazani aliwakusanya wenye mizigo bironi, ofisini kwake, mbele ya televisheni kubwa. Nikasimama na mpini wa fagio kama mwalimu, mimi wa darasa la tano, Sifa ananitazama kwa fahari.

"Nukta hii nyekundu njo Baraka," nikasema.

Mama Chausiku akainamisha kichwa. "Mbona iko hapa bandarini?"

"Iko ziwani, Mama. Saa mbili sasa tangu iende."

"Mashine inasema iko hapa."

Tukatoka wote kutazama. Gatini hapakuwa na kitu, maji tu na bata mmoja.

"Basi iko chini ya mayi!" akalia, akaketi chini. "Unga yangu yote! Ziwa nzima itakuwa uji!"

Kapiteni akapigiwa, simu haipatikani. Papa Ramazani akanitazama, nami nikaona yule bwana wa Lubumbashi anafunga sanduku lake la safari. Nikasema, "Papa, naenda kuitafuta kwa macho yangu," nikasimamisha pikipiki, nikamwachia Sifa televisheni aniambie habari kwa simu.

Hatujafika mbali, simu ikalia. "Yaya, dada, bato imetoka! Baraka imetoka!"

"Mungu asifiwe! Inaelekea kusini?"

"Hapana... iko inafuata barabara ya soko."

"Mwambie Papa Ramazani na miye niko sokoni, sioni bato." (Na kweli nilitazama, kushoto na kulia, katikati ya nyanya.) Mkokoteni ulikuwa umetuzibia njia, nikanunua andazi nikala hapo hapo juu ya pikipiki.

"Yaya, imesimama kidogo. Sasa inavuka daraja ya Lukuga."

"Basi inatufuata!" nikamwambia mwenye pikipiki. "Ongeza mwendo!"

Nilitaka kupanda mlima ulio nyuma ya kwetu, nikapitia nyumbani kuchukua darubini ya marehemu baba yetu, aliyekuwa baharia. Nafungua mlango, simu tena.

"Yaya. Imesimama."

"Wapi?"

Akashusha sauti. "Kwetu."

Nyuma yake nikasikia kelele: "Ile njo kwa Mapendo! Amepeleka bato kwake! Mwizi!" Na sauti nyingine, ya mtu mwenye akili zaidi: "Parsele yake ni ndogo, kiwanja cha nyumba moja, bato itaingilia wapi?"

Tukapanda mlima mbio. Juu nikaweka darubini machoni, na tazama, mbali kule kusini, Baraka yetu na mstari wake wa buluu, inakata maji taratibu, maturubai yamekaa vizuri, nikapiga kigelegele peke yangu.

"Sifa! Naiona! Iko mbali ziwani, nzima kabisa!"

"Yaya, hapa inaonekana juu ya mulima. Karibu na antene."

Nikaitazama boti. Nikageuka, nikaitazama antene, hatua kumi tu kutoka niliposimama. Mkono ukashuka wenyewe kiunoni.

"Sifa," nikasema, "bato njo miye."

Mwenye pikipiki alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanihurumia. "Mama, tukifika darajani kitupe. Sema kapiteni amekipoteza, kwisha." Sitawadanganya, niliwaza jambo hilo mpaka katikati ya daraja. Lakini miaka yote nimewaambia wadogo zangu kwamba aliyevunja sahani aseme yeye mwenyewe, na mdogo mmoja alikuwa ananitazama wakati ule ule, ndani ya nukta nyekundu. Nikamwambia twende.

Kufika bironi, wote wako mlangoni. Sifa alikuwa ameshawaambia, na walikuwa wanaimba: "Imefika soko! Imefika biro! Bato imeingia!" Mmoja akalia kama honi. Nikafungua pindo mbele yao: ufunguo, karatasi za shule, kitambulisho, kisanduku, chenye joto la tumbo langu.

"Papa Ramazani, nilitia alama kabla ya kukiweka botini. Kapiteni hana kosa."

Mama Chausiku akasogea. "Ngoja. Pale sokoni ulisimama. Ulifanya nini?"

"Nilikula andazi, Mama."

"Mashine iliona!" Akawageukia wenzake. "Kama imemuona Mapendo anakula andazi, itaikosa unga yangu? Papa, safari inayokuja niandikie nafasi ya mifuko mia!"

Wengine wakaanza kugombania nafasi. Papa Ramazani alikuwa anajifuta machozi ya kucheka. "Mwenye diplome," akasema, "angeniambia ni rezo, mtandao mbaya. Mashine ni zako, Mapendo. Lakini kisanduku tutakifunga botini na bulon za chuma."

Kesho yake kapiteni alipiga simu toka Moba: unga mkavu, mifuko sitini. Tangu siku ile sitii alama yoyote kabla mkono haujafanya kazi, hata kama tablete inanitishia, hata kama honi inalia, na nimeapa hivyo mbele ya wadogo zangu wote wanne. Sifa alichapisha ramani ya safari yangu, mstari mwekundu kutoka bandarini hadi mlimani, akaibandika ukutani kwetu kando ya picha ya wazazi.

Na Baraka ikichelewa, wamama wenye mizigo hawaitazami hata televisheni. Wananiita tu: "Mapendo, leo utapita wapi?"