Tambi za Yerutí

Nimia Ocampos alikuwa msusi, na katika mtaa wa Loma Porã hakuna aliyemzidi kwa mkasi wala kwa ulimi. Saluni yake ilikuwa sebule yake mwenyewe: viti viwili, kioo, na feni yenye makelele mengi kuliko upepo. Mteja akitoka pale, nywele zimenyooka na habari za mji mzima anazo.

Binti yake Yerutí alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, mdogo mno, hata pete ya baba yake ingempita mkononi kama bangili. Hospitali ya mji haikuwa na mashine ya kumsaidia kichanga kupumua. Iliyokuwepo iliharibika zamani, ikageuzwa meza ya kuwekea mashuka. Basi wauguzi wakawa wanamsukumia hewa kwa mfuko wa mpira, wakipokezana, mpaka vidole vikafa ganzi. Gari la wagonjwa la kumkimbiza hadi mji mkuu, Asunción, lilikuwepo, limeoshwa linameta. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Wilfrido, mume wa Nimia, alichukua dumu akatoka mbio hadi kituo cha mafuta. Aliporudi nalo limejaa, mtoto ameshakata roho.

Msibani wakamkataza kulia. Ndiyo desturi yao: kichanga akifa ni malaika, na machozi ya mama humlowesha mabawa akashindwa kuruka.

"Nyamaza, mwanangu," alimbembeleza mama mkwe wake, Ña Deogracia. "Mungu kamtaka."

"Mungu ndiye aliyemleta, mama," Nimia akajibu mbele ya watu wote. "Waliomnyima pumzi wana majina, na mwisho wa mwezi wanapokea mishahara."

Watu wakaguna. Wengine wakasema uchungu umempanda kichwani.

Siku ambayo Yerutí angetimiza mwaka, Nimia aliazima uwanja wa klabu ya mpira, akainjika masufuria makubwa ya kutosha kuogeshea mtoto, akapika tambi kwa mchuzi wa kuku. Walionunua kadi za chakula wakaja na vyombo vyao. Huko kwao watu huchangishana pesa za matibabu hivyo: huyu kavunjika mguu, zinapikwa tambi, yule kaota uvimbe, zinapikwa tambi. Tofauti ni kwamba Nimia hakuwa na mgonjwa. Alikuwa na kaburi, na alitaka mashine.

"Lakini mtoto mwenyewe si ameshakufa?" jirani mmoja aliuliza, sahani mkononi.

"Ameshakufa, ndiyo. Wako bado hajazaliwa. Ongeza mchuzi."

Alipika hivyo mwaka hadi mwaka. Wilfrido aliyekuwa dereva wa lori la mbao alirudi safari za mbali makusudi siku hiyo, akakatakata kuku. Hatimaye mashine ikanunuliwa, ikaletwa na lori lake mwenyewe hadi mlango wa hospitali. Mkurugenzi, Daktari Escurra, aliwapokea kwa tabasamu pana, akapiga nao picha, akawashukuru mpaka wakaona haya.

Nimia akarudi kwenye mikasi yake akiamini kazi imekwisha.

Wiki zikapita. Siku moja mchana muuguzi Ramona alikuja kukata nywele, mmoja wa wale waliompulizia Yerutí. Alikaa kitini akijikandakanda vidole, na Nimia akamgusa bega.

"Una nini, shoga?"

"Nimetoka zamu. Tangu alfajiri tunamsukumia mtoto hewa kwa mkono."

Mkasi ukasimama hewani. "Kwa mkono? Na mashine je?"

Ramona akainamisha kichwa. "Iko ofisini kwa mkurugenzi. Anamsubiri Gavana aje kukata utepe."

Nimia akautupa mkasi mezani. Alitoka na aproni yake, mikono imejaa rangi ya nywele, na wateja waliokuwa wakingoja zamu wakamfuata, mmoja kichwa kimejaa vibana, mwingine nusu mweusi nusu mwekundu. Ramona akawa mbele yao. Wakaikata barabara hivyo hivyo, jua la utosini, waendesha pikipiki wakiwapigia honi.

Mlinzi wa hospitali alinyoosha mkono kuwazuia.

"Porfirio," akasema yule wa vibana, ambaye ni mkewe, "fungua mlango, au leo utalala na hilo rungu lako."

Akafungua.

Mashine ilikuwa pembeni mwa ofisi, nailoni ya dukani haijavuliwa. Juu yake pamewekwa jagi la tereré, chai baridi ya majani, la mkurugenzi, barafu ikiyeyuka. Ukutani limeegemezwa bango la shaba linalong'aa: KWA JUHUDI ZA GAVANA.

"Mama, tulia," Daktari Escurra akainuka. "Kila jambo lina utaratibu wake. Gavana atakuja mwisho wa mwezi. Ni heshima kwako pia."

"Na yule mtoto wa wodini? Naye kaambiwa avute pumzi mwisho wa mwezi?"

"Usinipandishie sauti ofisini kwangu!"

"Kiyoyozi kinakupepea wewe, mtu mzima na mapafu yako mawili, na yule kule anapuliziwa na watu waliochoka! Umeifanya pumzi ya watoto kuwa meza ya jagi! Huna haya?"

 Nimia akalishika lile jagi, akamkabidhi mkononi kama mtu anayemkabidhi mwenzake mzigo wake, kisha wanawake wakaisukuma mashine koridoni, magurudumu yakilia. Ramona na daktari wa zamu wakaiunganisha. Aliyekuwa akisukumiwa hewa alikuwa mtoto wa mkata miwa, hata jina hajapewa. Kifua chake kikaanza kupanda na kushuka taratibu. Nyuma ya kioo Nimia alilia kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Mtoto yule aliishi. Lakini haki haikutendeka kote. Ramona alihamishiwa zahanati ya mbali, mahali ambapo mvua ikinyesha hapafikiki, kwa kosa la "kutoa siri za ofisi." Gavana alikuja siku ile ile iliyopangwa, akakata utepe mlangoni, akahutubia kwa muda mrefu. Bango lake likapigiliwa misumari. Nimia hakualikwa.

Mwaka uliofuata mtangazaji wa redio ya mji alimkuta uwanjani, akichangisha safari hii kwa mashine ya pili, jasho linamtiririka juu ya masufuria. Akamsogezea kinasa sauti.

"Bi Nimia, sasa mmewaokoa watoto wengi. Bila shaka moyo wako umepata amani?"

"Amani gani, baba?" Nimia akafuta uso kwa kiwiko. "Napika tambi ili watoto wapumue. Wewe unaona ni jambo la kupendeza? Mimi naona ni aibu. Nikiacha kukasirika, nani atawauliza hao wenye mishahara? Gavana? Haya, tangaza hilo. Na kama umekuja kula, foleni inaanzia kule."