Maharage Aliyoyakataa Kalunde

Nilipokuwa mtoto kule Kabungu, nilikula kwa ruhusa ya marehemu. Nilipewa jina la mama yake bibi yangu, Kalunde, na kwetu iliaminika kwamba ukibeba jina la mtu umebeba na tumbo lake: alichokikataa yeye kitakuunguza wewe. Nami kweli nilikuwa naungua. Moto ulipanda kutoka chembe ya moyo mpaka kooni, mate machachu yakajaa mdomoni, na kila mara bibi aliuliza swali lile lile.

"Umekula nini?"

Nikijibu karanga, karanga zinakoma siku hiyo hiyo. Zikafuata nyanya, yakafuata mawese, ikafuata migebuka, samaki ambao baba alituletea kutoka Karema. "Kalunde hataki," bibi alisema, na hapo hapakuwa na rufaa. Kwenye sherehe za watu nilikaa na ugali wangu na chumvi huku wenzangu wakilamba vidole na kuniita Bibi Kizee. Wajina wangu alikufa zamani, hata baba hakumwona, lakini jikoni kwetu alikuwa na sauti kuliko mama yangu aliyekuwa akipika.

Usimcheke bibi. Baba yangu mkubwa aliwahi kuyapuuza mambo haya kwa binti yake, akayaita ushamba, na binti yule alizikwa kabla masika hayajaisha. Bibi ndiye aliyemwosha. Tangu hapo hakutaka kubahatisha na mtoto mwingine.

Nilipomaliza darasa la saba nilichaguliwa shule ya bweni, mkoa wa jirani. Niliitaka shule ile mpaka nikawa naiota. Tatizo likawa chakula, maana kila mtu alijua bweni ni leo ugali na maharage, kesho maharage na ugali. Maharage yalikuwa hayajakatazwa bado, ila bibi alikwisha kuyashuku.

"Simtoi mtoto akalishwe huko halafu niletewe maiti," alimwambia baba. "Ale hapa, nimwone."

"Na akila salama, mama?"

"Akila salama, nyie mpelekeni."

Aliyapika mwenyewe, kwa chumvi tu, akanikalisha mkekani, naye akaketi mlangoni kunitazama. Nikala sahani nzima. Tukangoja. Baba alipita uani mara kadhaa akijifanya anatafuta jembe. Jua lilipoanza kuinama na mimi bado mzima, uso wa bibi ukafunguka.

"Kumbe Kalunde hana neno nayo," akasema, na kwa furaha akanichemshia chai ya rangi, nyeusi tititi, kama alivyofanya siku zote alipotaka kunituliza au kunipongeza. Nikanywa yote, mawazo yangu yakiwa tayari bwenini.

Moto ulinikuta bado nimeshika kikombe. Nikameza mate, yakajaa tena, nikameza tena. Nilijua nikitema tu, shule imekwenda. Kutoka nje nisingeweza, bibi alikuwa mlangoni. Kuomba maji nisingeweza, maana maji ndiyo niliyoyaomba kila nilipoungua. Nilikaa pale nimebanwa kama panya mtegoni, nikijaribu kutabasamu.

"Tema," bibi akasema polepole.

"Nini, bibi?"

"Hicho unachomeza."

Nikatema. Bibi akaanza kulia kabla yangu. Safari hii baba alilichukua jembe kweli, akaenda shamba.

Basi sikwenda bweni. Nilisoma shule ya kata kwa miguu, mvua yangu na jua langu, nikaishia kidato cha nne. Leo nashona nguo Nsemulwa, nina mume na watoto. Miiko yote ya Kalunde niliishika hata baada ya bibi kufariki, na kiungulia kikanishika vile vile.

Hivi karibuni muuguzi wa zahanati aliniambia niache vyakula ninavyovishuku, kisha nirudishe kimoja kimoja nione kipi kinaniunguza mimi, si jirani yangu. Nilicheka moyoni, maana bibi aliianza kazi hiyo zamani, ila yeye hakurudisha kitu. Kisha muuguzi akaniuliza kuhusu chai.

"Chai haina shida," nikajibu upesi, kabla sijafikiri.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Bibi hakuishuku chai, na kwa imani yake alikuwa na hoja: Kalunde alikufa kabla chai haijafika vijijini kwetu. Marehemu atakataaje kitu asichokijua?

Nikaiacha. Moto ukapoa. Nikaanza kurudisha vingine: karanga, kimya; migebuka, kimya. Nyanya kweli zinaniunguza, hapo bibi alipatia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami sikuwahi kufikiri kwamba kingeweza kuwa kimetiwa pale na mkono unaokupenda. Simlaumu bibi. Lakini shule ile niliitaka, na nikisema yameisha nitakuwa nakudanganya.

Maharage niliyaacha mwisho kabisa, kwa woga. Siku nilipoyapika nilitia chumvi tu, nikala sahani nzima, nikangoja mpaka binti yangu akarudi kutoka shule. Alinikuta jikoni nalia.

"Mama, yamekuunguza?"

"Hapana, mwanangu," nikamjibu. "Hayajaniunguza hata kidogo."