Nilivyowaamini Yangeyange Siku ya Kuposa

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Kimuli, maana wao wanaongeza chumvi: ni kweli, siku niliyokwenda kuposa nilimbembeleza kiboko kwa jina la ng'ombe, na mzee mwenye binti alikuwa nyuma yangu anasikia.

Ilikuwa kiangazi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimevaa suruali ya bugaluu ya kuazima na nimekaa kimya kama inavyotakiwa, maana kwetu kijana anayeposa hasemi, anayesema ni mshenga, na mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mtu wa maneno matamu kweli. Mambo yanakwenda vizuri, pombe ya rubisi inazunguka, Devota, binti wa mzee Zakaria niliyekuja kumposa, nimeshamwona akichungulia kutoka jikoni, mara ikaletwa habari kwamba Bihogo, ng'ombe mwenye mimba ambaye mzee Zakaria alimpenda kuliko wote, hajarudi na wenzake. Mzee akasimama (mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, alitembea kwa kuegemea fimbo ya kuchungia), akasema mazungumzo yasubiri.

Hapo ningenyamaza tu. Lakini kutoka pale uani bonde lote linaonekana, mafunjo matupu hadi upande wa pori la akiba, na kiangazi, majani ya mlimani yakikauka, yangeyange hushuka kule makundi kwa makundi. Nikawaona wanarukaruka mahali pamoja. Sisi wafugaji tunajua, yangeyange hafuati mtu bure, anafuata ng'ombe ili ale panzi wanaoshtuliwa na kwato. Nikafungua mdomo.

"Mzee, Bihogo yuko pale. Ndege wale hawadanganyi."

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Mzee akanitazama (nilidhani ni kwa kunipenda), akasema, "Haya mwanangu, nipeleke."

Tukashuka, mimi mbele, bugaluu inafagia matope, mpaka nikaona kati ya matete mgongo wa rangi ya udongo, rangi ya Bihogo kabisa, na yangeyange wawili wamesimama juu yake. Nikaita kwa ile sauti ya kubembelezea, "Bihogo! Bihogo wee, njoo mama!" Mgongo ukainuka, ukaendelea kuinuka, pembe sizioni. Kisha likafunguka domo.

Jamani, nilikimbia. Nilimpita mzee na mguu wake ule, sikumshika mkono, sikumwambia hata "kimbia", nilimpita kama napita kisiki, na mbele kidogo nikazama kwenye matope hadi kiunoni. Kiboko mwenyewe (hili ndilo linaloniuma) wala hakutufuata, alikuwa amegeukia majini. Aliyenifikia ni mzee, anachechemea taratibu, akaninyooshea fimbo. "Shika," akasema, akanivuta. Kiatu kimoja kiko kule mpaka leo.

Bihogo tulimkuta kwenye migomba nyuma ya nyumba, ameshazaa. Walicheka wote, hata Devota, isipokuwa mzee. Habari ya mimi kumpita na kumwacha hakumwambia mtu, na ukimya wake uliniumiza kuliko vicheko vyao. Aliosha fimbo yake, akamwambia baba mdogo, "Jibu nitatoa yangeyange wakirudi tena bondeni."

Mvua zikaja, ndege wakatawanyika, nikabaki natazama juu kila asubuhi. Niliona aibu, lakini zaidi niliwaza kwamba mzee angeweza kunifukuza palepale, akaamua kunipa muda. Nikaapa kwamba nikiona yangeyange nitauliza kwanza wamemfuata nani, na nikikimbia tena, nitageuka kuangalia nani amebaki.

Yangeyange waliporudi kiangazi kilichofuata, nikaenda kwa mzee. "Shikamoo mzee." Akaitikia, hakunikaribisha ndani, akachukua fimbo, akasema tuwapeleke ng'ombe wakanywe maji. Ndege walikuwa tele, sikusema neno juu yao. Njia nzima nilitembea nyuma yake, kwa mwendo wa mguu wake ule, na tulipofika kwenye matope akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kujua kama nipo. Nikaushika.