Mayai Mawili Kila Asubuhi

Kuku wangu wa tatu alikufa akizunguka.

Sitanii. Alizunguka duara moja katikati ya ua, mchana kweupe, shingo imepinda, mabawa yanaburuza chini, kisha akaanguka ubavu. Hakuamka tena.

Nilisimama pale na ufagio mkononi, nikapaza sauti ili nisikike ng'ambo ya ukuta. "Haya, na huyu umemmaliza! Bado wangapi?"

Ng'ambo ya ukuta anakaa Mwalimu. Ni mama mstaafu, anaishi peke yake na bustani yake ya mboga. Wiki mbili nyuma kuku wangu walikuwa wameifukua bustani hiyo yote, naye akaniambia kwa sauti yake ile ya darasani, "Mwanangu, fungia kuku wako, la sivyo tutakosana."

Basi mimi nikaunganisha. Kuku wamekula mboga zake, kuku wanakufa. Hapo unahitaji mpelelezi?

Ulimi wangu hauna breki, nakiri. Nilimpaka matope Mwalimu bombani, nikampaka dukani, nikampaka mpaka kwenye kikao cha akina mama. Salamu zake nikaacha kuitikia.

Ila niwaambie ukweli, kuku hawakuwa shida yangu kubwa. Nilikuwa na hofu nyingine ndani ya nyumba, na ile hasira ilinisaidia kuisahau kidogo.

Binti yangu wa mwisho tunamwita Kasuku. Ana miaka minne. Jina alilipata kwa kuongea. Aliongea na viatu, aliongea na ukuta, alikuuliza swali na kulijibu mwenyewe.

Kisha akaanza kubadilika. Kwanza tumbo, linamuuma, choo hapati. Midomo ikapauka. Akawa na hasira za ajabu, kitu kidogo tu anajitupa chini.

Halafu maneno yakaanza kumpotea. Siku moja alinyooshea kidole kijiko, akatafuta jina lake, akalikosa. Akalia mpaka akalala.

Zahanati walisema minyoo. Tuliporudi wakasema damu imepungua. "Mpe chakula cha kujenga mwili, mama."

Kujenga mwili? Mimi nina kuku wa kuachia, wanajitafutia wenyewe, hawajui chakula cha kiwandani. Mayai yao kiini kimekolea njano, ukikiona tu unapona. Alikuwa akiyala mara moja moja tangu kuku waanze kutaga; sasa nikaanza kumpa moja kila asubuhi. Alipozidi kudhoofu, nikampa mawili.

Akikataa, namshika kidevu. "Kula, mama, upone."

Jumamosi moja mlango ukagongwa. Ni Mwalimu, na nyuma yake mwanamume mwenye mabuti ya mpira na mkoba.

"Huyu nilimfundisha darasa la tatu," alisema. "Sasa ni daktari wa mifugo. Nimechoka kuitwa muuaji. Leo kuna kuku aliyekufa?"

Alikuwepo. Wa tano, wa asubuhi ile ile.

"Basi ampasue hapa mbele yako, tujue nimemlisha nini."

Nilikubali haraka haraka. Nikamwita na mume wangu atoke awe shahidi, maana nilitaka mtu aumbuke siku hiyo.

Daktari akampasua kuku juu ya gunia. Akafungua firigisi, akamwaga vilivyomo kwenye kifuniko cha ndoo. Mchanga, vijiwe, punje za mahindi. Na vipande vidogo vya kijivu, kama saba hivi. Akakikwangua kimoja kwa kisu, kikang'aa.

"Kuku hana meno," alisema. "Anameza vijiwe vimsagie chakula, na hajui kuchagua. Hii ni risasi, yale madini ya ndani ya betri za magari. Nyumba hii ina fundi?"

Nikamtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama banda la kuku.

Mume wangu ni fundi betri. Sasa ana karakana yake barabarani, lakini tulipohamia hapa alifanyia kazi uani, miaka mitatu. Kwenye kona ile alipasua betri mbovu, akayeyusha risasi, akamwaga maji ya betri. Alipohama, kona ikabaki kipara, haioti hata jani.

Wazo la kujenga banda pale lilikuwa langu. Nilisema, kwa nini kona ikae bure? Na kuku waliipenda, jamani! Kutwa wanajigaragaza kwenye vumbi lake, wanachakura, wanadonoa.

Nikamgeukia Mwalimu nimwambie neno, lakini daktari akaniwahi.

"Mayai yao nani anakula?"

Mume wangu ndiye aliyejibu. "Mtoto."

"Mangapi?"

"Mawili," nikasema. "Kila asubuhi."

Daktari akavua glavu zake taratibu. "Si kila kuku anakufa. Mwingine anaipata kidogo kidogo, anaendelea kutaga, na yai unaliona zuri, halina harufu wala doa. Mpelekeni mtoto hospitali kubwa leo. Waambieni wapime risasi kwenye damu."

Walipima. Ilikuwamo.

Alilazwa wiki tatu akipewa dawa ya kuitoa. Tumbo limetulia, midomo imepata rangi. Nilipouliza kuhusu maneno, daktari wa watoto alisema, "Mengine yatarudi." Nikamuuliza yapi ambayo hayatarudi. Akaniwekea mkono begani, basi.

Kisha yeye ndiye akaniuliza. "Kuna nyumba nyingine iliyokula mayai hayo?"

Hapo nikakaa chini kwenye sakafu ya hospitali. Mimi mayai sikuwahi kuyauza. Nilikuwa nagawa! Mgonjwa mtaani, nampelekea. Mzee asiye na mtu, nampelekea. Na sifa nilizipokea zote.

Kesho yake nikaanza kupita mlango kwa mlango. Aliyenisindikiza ni Mwalimu, yule yule. Nilikuwa sijamaliza hata kumwomba msamaha, akavaa viatu akasema, "Twende, peke yako hutaweza."

Mlango wa nne ni wa mke wa seremala. Huyu nilimlisha mayai ujauzito wake wote, mpaka akajifungua. Alifungua akiwa amempakata mtoto wa miezi miwili, uso umechangamka.

"Dada yangu! Siku nyingi! Umetuletea mayai?"

Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama pale kizingitini. Alinisikiliza, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu, akafunga mlango. Ninapoandika haya, majibu ya damu ya yule mtoto bado hayajatoka.

Wewe unayefuga kuku wa kuachia, nakuomba kitu kimoja. Kuku wako anakula ardhi yako, na mwanao anakula yai lake. Kabla hujafungua banda kesho, uliza pale palikuwa na nini: karakana, jalala, ukuta uliokwanguliwa rangi ya zamani yenye risasi. Wengine itabidi mwulize majirani.

Mimi sikuwa na haja ya kumwuliza mtu. Nilikuwa najua.