Singe Niliyoikalia

Hadithi hii nikiisimulia huwa nacheka wa kwanza, maana humu ndani mjinga ni mimi peke yangu, na nisipowahi mimi watawahi wengine.

Babu alifariki mwaka ule tuliohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, njia ya Likawage. Nyumba ya zamani tuliiacha na karibu kila kilichokuwemo. Babu mwenyewe alibeba kitu kimoja mkononi: singe, kile kisu kirefu cha kuchomeka kwenye bunduki, pamoja na ala yake. Alisema baba yake aliitwaa kwa Mjerumani vitani. Na mimi alishaniahidi: "Nikiondoka, hii yako."

Sasa, misiba yetu ina watani. Mtani akiingia nyumba ya marehemu anaruhusiwa kuchukua kitu akaondoka nacho, na ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako. Kwa hiyo nilipomsikia mtani wetu, mzee wa Mitwero, yuko uani anauliza marehemu kafa kwa njaa au kwa uvivu, nikaitoa singe ukutani haraka, nikaisukumiza chini ya mkeka, nikaikalia.

Akaingia. Watu wote wakasimama. Mimi nikabaki chini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. We mtumwa wangu, mbona huinuki? Umeota mizizi?"

"Miguu imekufa ganzi, babu."

"Basi ngoja tuifufue." Akanishika kwapani, akaninyanyua kama gunia la korosho. Mkeka ukabaki na nundu.

Akaitoa, akaipima mkononi. "Ya nani hii?"

"Ya marehemu babu. Ya Mjerumani hiyo."

"Yote?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini mdomo wangu haujawahi kunisubiri. "Yote kabisa!"

"Haya. Nionyeshe. Ikiwa ya Mjerumani yote, nakuachia. Ikiwa siyo, yangu."

Nikaichomoa. Nikamwonyesha mgongo wa kile kisu, pale karibu na mpini: taji dogo, na chini yake herufi W, alama ya mfalme wao. Shule nilisoma, herufi nazijua. Watu wakasogea. Mzee akainama, akatazama mpini, akakubali: "Kweli, kisu ni cha Mjerumani." Nikaanza kutanua kifua.

"Sasa tuikague nguo yake."

Akaichukua ala. Ngozi ilikuwa imekakamaa, nchani ina chuma. Akakisugua kile chuma kwa kidole gumba mpaka ukatokea mshale mdogo.

"Nilipokuwa askari wa Mwingereza kule Burma, mshale huu ulikuwa kwenye kila kitu chake, mpaka koleo. Hebu kirudishe kisu chako."

Nikakisukuma. Kikagoma kuingia mpaka mwisho, kukabaki mwanya wa kidole. Mwanya ule nimeuona tangu utoto, nikadhani ndiyo mtindo wa Ulaya.

"Mjerumani kavaa suruali ya Mwingereza!" mzee akapiga kelele. "Umeshindwa, mtumwa wangu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, msibani. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Nikamtazama mjomba anitetee, mjomba akatazama makuti ya paa. Nikavua shati nikampa liikomboe singe.

"Matundu yote haya? Nikavulie dagaa?"

Akaichomeka kiunoni. Akaenda kuchimba kaburi la babu ikiwa hapo hapo kiunoni, akafukia nayo, akala nayo. Alipoondoka nikamsindikiza mpaka njia panda, namtolea vichekesho vyote ninavyovijua, labda atalegea. Alivicheka vyote. Akaenda zake nayo.

Niliporudi nikaingia kwa bibi, nikakaa mlangoni. Hakunitazama.

"Mume wangu," akaniambia, "yule mzee kila msiba wetu huwa anachukua jogoo. Jogoo nilishamfunga kamba, mpaka sasa yuko jikoni anamngoja."