Chumvi Mbichi ya Primitiva Cayo

Primitiva Cayo alizaliwa ukingoni mwa uwanda wa chumvi, akaolewa ukingoni mwa uwanda wa chumvi, na mumewe alipofariki akazikwa papo hapo, kwa sababu kijiji cha Qollpani hakina udongo mwingine. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa moja: kukwangua chumvi, kuirundika ichuje maji, kisha kuipakia kwenye lori la bluu lisilo na mlango wa kulia. Marehemu ndiye aliyemwonyesha mahali pa kukwangua. Hata sasa, akiwa kazini, Primitiva humgombeza marehemu kwa sauti, hasa kuhusu ule mlango.

Sheria ilimkuta jikoni akimenya viazi. Redio ilisema bunge huko La Paz limepitisha sheria ya usalama wa nishati, na kwamba maji yaliyo chini ya chumvi, yenye madini ya kutengenezea betri, sasa ni mali nyeti ya taifa. Primitiva aliyajua maji hayo. Yalikwisha kumlia buti kadhaa. Hakuwa na habari kwamba ni nyeti, akaendelea kumenya.

Baada ya redio ikaja senyenge. Marundo yake yote yakabaki ndani, na langoni akawekwa Sajini Edilberto Choque, mtu mwembamba kutoka Oruro, aliyekuwa ameisoma sheria yote mpaka mwisho. Walioipitisha hawakujisumbua kiasi hicho.

"Chumvi ni yako, mama," Sajini alimwambia siku ya kwanza. "Hilo limeandikwa wazi. Maji ndiyo ya taifa."

"Haya, afande. Nifungulie nipite na chumvi yangu."

Sajini akazunguka nyuma ya lori. "Hii imelowa."

"Chumvi ikitoka chini hulowa, baba. Ulitaka itoke na taulo?"

"Basi taifa linachuruzika. Rudi ndani ikauke."

Akarudi. Wakati wa kiangazi hilo halikuwa neno, maana jua la kule hukausha hata mate mdomoni. Kasheshe ilianza mvua zilipoingia. Uwanda wote ukafunikwa na maji, chumvi ikakataa kukauka, na mnunuzi wa mjini akatuma salamu kwamba asipoliona lori kabla ya sikukuu ya Kanivali atanunua kwingine. Bila mnunuzi hakuna wa kukwangulia, na kwa desturi ya ushirika wao, mahali pasipokwanguliwa hupewa mtu mwingine msimu ukiisha. Hapo Primitiva akaogopa kweli. Makaburini alikwenda mara moja kwa mwaka. Mumewe alikuwa akizungumza naye pale kwenye chumvi.

Siku moja alitoka kwa miguu, mikono mitupu. Sajini akaitazama sketi yake pana ya marinda. Pindo lilikuwa likidondosha matone.

"Usithubutu," Primitiva alisema.

"Sheria haikusema 'isipokuwa sketi', mama."

Akasimama langoni akilipa jua mgongo, hadi sketi ikakauka ikawa ngumu kama bati. Jirani yake Casilda, aliyekuwa akipita nje ya senyenge akichunga lama zake, alisimama makusudi.

"We Primitiva! Umekuwa mali ya taifa siku hizi? Basi taifa limekula hasara!"

Sasa kule kwao kila kitu hutafutiwa baba wa ubatizo. Mtoto, bila shaka, lakini pia keki ya harusi, jezi za timu, hata bati la kanisa. Ukishakubali, wewe na mwenye kitu mnaitana kompadre na komadre, na huo ni undugu usiofutika. Kompadre hamfungii komadre mlango. Primitiva akanunua mkate mkubwa na bia, akamchukua Casilda awe shahidi, wakamfuata Sajini langoni wamevaa kofia za sikukuu.

"Afande, hili lori langu halijabatizwa."

"Limenizidi umri."

"Ndiyo aibu yenyewe hiyo."

Sajini hakuzaliwa jana. Alijua kwamba akimega mkate amekwisha kuwa kompadre, akaubana mdomo. Casilda akamtilia bia akamshikisha bilauri. Kuikataa kungekuwa utovu wa adabu, basi akaishika tu bila nia ya kunywa. Lakini mkono wa mtu wa milimani una mazoea yake: hakuna anayeshika bilauri bila kummwagia Mama Ardhi kwanza. Mkono ukainama wenyewe, na bia ikaangukia gurudumu la mbele.

Wote watatu wakalitazama gurudumu. Kule lori hubatizwa hivyo hivyo, kwa kumwagiwa bia gurudumu.

"Nilikuwa namnywesha Mama Ardhi," Sajini alisema.

"Naye ameshuhudia," Casilda akajibu, akimrushia karatasi za rangi kichwani.

Sajini akaketi juu ya jiwe akala mkate, kwa kuwa sasa haukuwa na madhara tena. "Komadre," alisema alipomaliza, "siwezi kuvunja sheria. Lakini naapa, hakuna gari litakalopendelewa kuliko huyu mwanangu." Akalipapasa lori. Primitiva alirudi nyumbani akilia. Aliona mkate wake umeliwa bure.

Kanivali ilipokaribia, Mheshimiwa Zenón Arancibia, mbunge wa kamati ya nishati, alikuja na wapiga picha kukagua usalama wa madini. Aliingia na gari jeupe, akapigwa picha, akageuza. Langoni Sajini akampigia saluti, kisha akainama kuchungulia chini ya gari.

"Linachuruzika, mheshimiwa."

"Linachuruzika nini?"

"Mali nyeti."

"Sheria hii nimeiandika mimi!"

"Na umeiandika vizuri, mheshimiwa. Lori la komadre wangu lile pale, linasubiri kukauka. Nikikupitisha wewe nitakuwa nimelionea."

Sheria ni msumeno. Mheshimiwa akavua viatu, maana navyo vilihusika, akaketi kwenye gunia la Primitiva na soksi zake mbichi. Primitiva akampa viazi na kipande cha nyama kavu. Mvua ikaanza upya. Mheshimiwa akalitazama gari lake likilowa mara ya pili, akatafuna polepole.

"Tulikusudia matangi ya makampuni," alisema mwishowe. "Si haya mambo."

"Mwambie kompadre wangu. Mimi sijaisoma."

Mheshimiwa akasimama na soksi zake, akatoa amri mbele ya kamera: kinacholowa kwa kazi ya mikono ya wanakijiji kipite. Sajini akamkumbusha kwamba yeye si mwanakijiji. "Na wabunge," Mheshimiwa akaongeza upesi. Lori la bluu likatoka kwanza.

Haukupita muda Sajini akahamishwa, akapelekwa mpakani huko misituni. Ilimuuma Primitiva kuliko alivyotarajia. Alimtega mtu kwa mkate, na mtu huyo akawa ndugu wa kweli. Akampeleka kituoni kwa lori, amemshika mkono wa koti njia nzima kwa sababu ya ule mlango. Basi lilipofika akampa mfuko wa chumvi kutoka mahali pa marehemu.

"Imekauka?" Sajini akauliza.

"Shika uone, kompadre."

Sajini akaushika kwa chini. Akautazama mkono wake uliolowa, akatazama kule lilikokuwa lango. Kisha akaukumbatia mfuko, akapanda basi, mali ya taifa ikimchuruzikia suruali.